Deogratias, Aliyeonja Kwanza

Deogratias Mkude, tunayemrudisha leo katika udongo wa Nyandira, alizaliwa hapahapa tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa kwanza kati ya watatu.

Alisoma shule ya msingi kijijini, 1983 hadi 1989, kisha akashika jembe. Karoti na njegere zake aliziteremsha mwenyewe hadi sokoni Morogoro. Mteja akisita, alichomoa karoti moja, akaifuta, akaiuma mbele yake. Hakumuuzia mtu kitu asichokionja. Mwaka 1999 alifunga ndoa na Josephine, ambaye hadi leo anasema alimpenda kwa kumwona akitafuna.

Chanjo ya Korona ilipofika kijijini Septemba 2021, watu walisita, naye akasema ataionja kwanza. Alikuwa njiani kwenda kuchanja pale mjomba Abel alipomwita. Kwetu Waluguru, mjomba akishasema, kimesemwa. Mjomba alikuwa amesikia redioni kwamba chanjo imegandisha watu damu huko ng'ambo, akamkataza. Deogratias akageuza njia, akarudi nyumbani.

Mwezi uliofuata Korona ikamkamata. Homa iliposhuka tulishukuru, mapema mno, maana mguu wa kushoto ukavimba. Ikasemwa amekanyaga dawa ya mtu shambani. Mjomba, kwa upendo wote, akawa anamchua kwa mafuta ya nyonyo kila jioni. Tarehe 17 Novemba kifua kilimbana, na kabla gari halijafika mjini akakata roho.

Daktari alisema damu iliganda mguuni, bonge likapanda mapafuni. Mjomba akauliza, si ndilo hilohilo alilomkinga nalo? Daktari hakumung'unya maneno: “Mzee, hukudanganywa. Chanjo ile humgandisha damu mtu mmoja mmoja, tena kwa nadra sana. Korona yenyewe inagandisha wengi zaidi, wengi mno. Na mguu ukivimba hivyo hauchuliwi, unaletwa hospitali.” Inauma, na hatutaifunika kwa maua.

Marehemu ameacha mjane, Josephine, watoto watatu, wadogo zake Faraja na Charles, na mjomba Abel. Asubuhi ya leo, kaburi likichimbwa, Faraja alimpigia mjomba goti, akamwamkia, akamuuliza kama naye achanje au aache. Mzee aliinuka, akamnyooshea mkono.

“Nishike mkono, mwanangu, twende,” alisema. “Safari hii nitaonja mimi kwanza.”

Lala kwa amani, Deogratias.