Bi. Restituta na Mtumishi Mpya wa Mwisho

Ifikapo tarehe 30 Juni 2025, Bi. Restituta Gaudence, mhudumu wa afya katika zahanati yetu hapa Bukiriro, atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi na miaka sitini ya kuzaliwa. Sheria inasema imetosha. Yeye hajasema.

Aliajiriwa mwaka 1991, akatoka kwao Kirushya na godoro na barua ya ajira. Alikuta nyumba ya mtumishi inafugiwa mbuzi, na hakuna aliyejua kwamba anakuja. Wiki ya kwanza alilala kwa katekista, na hafichi kwamba siku ya tatu alishafunga mzigo arudi. Alibaki kwa ukaidi tu. Matunda ya ukaidi huo tunayala hadi leo.

Tangu hapo alijipa kazi ambayo haimo kwenye barua yake ya ajira. Kila aliposikia kuna mtumishi mpya amepangiwa kwetu, alipaka nyumba chokaa, akafukuza popo darini, akajaza maji kwenye mapipa, akabandika jina la mgeni mlangoni. Mgeni alipofika, jiko lilikuwa linawaka. Bi. Restituta anaamini, na ametuchosha kwa kulirudia, kwamba mtumishi huamua kubaki au kuondoka kabla hajafungua begi.

Si kwamba alipatia kila mara. Mwaka 2003 alifika tabibu kutoka Usukumani, Bw. Bulugu, akapikiwa ndizi na maharage asubuhi, mchana na jioni. Alikula kwa adabu zote. Siku ya tatu akauliza, kwa upole, chakula chenyewe kitaiva lini. Bi. Restituta alikwenda mwenyewe kusagisha mahindi ya ugali, na tangu simu zilipotufikia kila mtumishi mpya hupigiwa kwanza aulizwe anakula nini. Bw. Bulugu alikaa miaka kumi na mmoja, na ndizi akazizoea.

Wasiopokelewa hawakukaa. Mwaka 2018, Bi. Restituta akiwa kwenye msiba wa mama yake, mkunga aliyepangiwa hapa alikuta mlango umefungwa, akageuza na bodaboda ile ile iliyomleta. Zahanati ilikaa miezi tisa bila mkunga. Wajawazito walipakizwa kwenye pikipiki hadi mjini Ngara, na jirani yetu Jovina akajifungulia njiani, mvua ikinyesha. Mtoto hakupona. Tunaliandika hili kwenye karatasi ya sherehe ya kumuaga kwa makusudi, maana watu husahau upesi.

Kwa hiyo mwaka uliofuata, alipoambiwa nyumba ile igeuzwe stoo ya saruji ya mradi wiki moja kabla mkunga mwingine hajaripoti, alinunua kufuli kwa hela yake akaifunga. Akaandikiwa barua ajieleze. Majibu yake yamo kwenye jalada mpaka leo: "Nyumba nimeifunga mimi. Mkunga anaripoti Jumatatu. Saruji haitazalisha wajawazito." Alipewa onyo la maandishi, akalisaini, akarudi kupaka chokaa. Mkunga mwenyewe alikuwa Kezia, ndiye anayeandika wasifu huu. Huu ni mwaka wake wa sita hapa, na amepokea watoto zaidi ya mia nne.

Sasa anakuja Bw. Ansbert kutoka Biharamulo kushika nafasi ya Bi. Restituta. Wapo waliomcheka: "Mtu anakutoa kitini, wewe unamtandikia kitanda?" Aliwajibu kwamba mkunga akiwa peke yake hawezi kuzuia damu ya mama na kumhuisha mtoto asiyelia kwa wakati mmoja, na kwamba Ansbert akirudi kwao, wao wenyewe ndio watakaobeba wake zao mgongoni. Waliocheka wakatafuta shughuli nyingine. Upande wa pili wa nyumba umeshapakwa chokaa, na simu imeshapigwa. Ansbert anakula kila kitu isipokuwa dagaa.

Tatizo ni moja tu. Sherehe hii imepangwa Jumatatu saa nne asubuhi, na saa hiyo hiyo basi la Ansbert linafika stendi ya Benaco. Bi. Restituta aliomba sherehe isogezwe hadi mchana. Jibu likawa kwamba mgeni rasmi ana ratiba. Sisi wenzake tukajitolea kwenda kumpokea huyo ndugu kwa niaba yake, naye akatutazama kama watu waliomwomba funguo za nyumba yake.

Basi, mgeni rasmi na waalikwa wote, mkiona kiti cha mbele kiko wazi, msimtafute na wala msimpigie simu. Yuko stendi. Hotuba zisomwe, keki ikatwe, kipande chake kifunikwe. Atakayeona ni utovu wa nidhamu aandike onyo lingine, na safari hii tutalisaini wote.

Bi. Restituta, tunakushukuru kwa kutopokea hapana ya mtu yeyote. Tunakuombea afya, mavuno mazuri na wajukuu wasumbufu huko Kirushya. Ukishamfikisha Ansbert, nenda kapumzike.