Mstari wa Kivuli Uwanjani Kakuma

Baada ya miaka kumi na tisa ya kazi, Mzee Shadrack Barasa, mwendesha redio wa uwanja wetu wa ndege wa Kakuma, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1977. Na leo hiihii, jamani, anapanda ndege kwenda Nairobi! Miaka yote hiyo ameita marubani, amefukuza mbuzi uwanjani na kupungia wasafiri mkono, na yeye mwenyewe hajawahi kuketi ndani hata mara moja.

Alitoka Bungoma mwaka 1958, akaanza kama tarishi hapa Lodwar. Redio alijifunza kwa kuchungulia, na alipokishika kiti cha redio hakuna aliyeweza kumtoa. Alipohamishiwa Kakuma tulisikitika bure, maana sauti yake iliendelea kututoboa masikio kila asubuhi kwa salamu yake ya Kiturkana, “Ejok, Lodwar!” Redio yenyewe kwake ni kama pambo tu.

Siku nisiyoisahau ni ya mwaka 1971. Akai, mke wa mfugaji Ekal, alikuwa amelemewa na uchungu wa uzazi, na ndege ikatua Kakuma kumpeleka hospitali Nairobi. Ekal akasimama mlangoni pa ndege na mkuki wake. Alitaka kujua watalala mara ngapi njiani. Barasa akamjibu kwamba hawatalala. Ni kilomita kama mia sita, saa mbili na ushee tu. Ekal akacheka kwa hasira. Lori la Nairobi huchukua siku tatu, na mito ikijaa, wiki nzima. Anayesema watu watafika bila kulala ni mwongo, na mwongo hakabidhiwi mke wa mtu.

Akai alikuwa anazidiwa. Barasa akamshika Ekal mkono hadi kwenye mlingoti wa mfuko unaoonyesha marubani upepo, akachora mstari mchangani. Kivuli cha mlingoti kikifika pale, Akai atakuwa Nairobi. Asipofika, yeye Barasa haendi popote, na mkuki Ekal anao. Ekal akakubali, ndege ikaruka.

Kivuli kikafika mstarini. Kikauvuka. Mimi nilikuwa redioni hapa Lodwar, na kila nikiuliza Nairobi, najibiwa bado. Ekal akasimama na mkuki wake, akauliza kama Akai amefika. Ingekuwa mimi, haki ya Mungu, ningemwambia amefika! Barasa akamwambia hajui, na kwamba hata yeye anaogopa. Ekal akamtazama sana, kisha akalaza mkuki chini, akaketi kando yake. Baadaye alitueleza kwamba mwongo angekuwa na jibu tayari.

Kumbe rubani alikuwa amezunguka mvua kubwa. Habari ilipokuja nilipiga kelele mpaka ofisi nzima ikakimbia kuja. Akai amefika, na kabla ya jua kuzama akajifungua binti, Nakeno. Tangu siku hiyo, Ekal na Barasa ni ndugu.

Mzee Barasa, asante kwa kazi na kwa ukweli wako. Mungu akupe uzee wa raha, wewe na mkeo, Mama Jerusha, aliyekataa katakata mambo ya angani, akatangulia kwa lori na kuku wake.

Ila ukitua tu Nairobi, tuambie upesi. Ekal ameshachora mstari mchangani, ameketi chini ya mlingoti, na amesema ngamia hawanyweshwi leo mpaka asikie umefika.

Jepkoech, redio ya Lodwar