Msumeno Uliogoma Mbele ya Wajuzi

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu, pale kichochoro kinapotokea barabarani, na sijawahi kuona jambo likipita hapo bila kupewa ushauri. Asubuhi hiyo jambo lenyewe lilikuwa limejilaza: mti ulioangushwa na upepo usiku ulikuwa umekatiza mdomo wa kichochoro, ukuta kwa ukuta. Ng'ambo ya mti ilisimama teksi. Upande wetu, nyumba ya tatu, mama yake Vumbi alikuwa ameshavaa, mkoba mapajani, akisubiri kupelekwa kupasuliwa macho. Daktari wa macho huja mji huu siku moja tu kwa mwaka, na wagonjwa wanapokewa mwisho saa nne. Vumbi hukata miti, ndiyo kazi yake, na vumbi la mbao ndilo lililompa jina. Akamwambia mama yake atulie ndani mpaka aitwe, akatoa msumeno wake wa injini, akavuta kamba. Msumeno ukakohoa, ukanyamaza. Kahawa anayotuuzia Bi Buli pembeni ya benchi ndiyo kwanza ilikuwa imechemka, kwa hiyo wote tulikuwepo.

Mzee Tairi: Lete nione.

Vumbi: Shikamoo, mzee. Huwa unataka kuvutwa mara mbili tatu ukiwa wa baridi.

Mzee Tairi: Marahaba. Nimesema lete.

Mzee Tairi anaziba pancha, na kwake ugonjwa wowote duniani asili yake ni upepo. Akauweka msumeno chini, akaukanyaga mshikio, akavuta choki, kile kidude kinachobana hewa ili petroli iingie kwa wingi wakati injini bado ya baridi. Akavuta kamba mpaka kofia ikamdondoka.

Mzee Tairi: Hewa hiyo. Haipumui. Filta imejaa unga wa mbao.

Vumbi: Filta nimeisafisha jana, mzee wangu.

Mzee Tairi: Jana upepo ulikuwa haujavuma.

Meneja: Mpishe mwenye kujua.

Meneja alikuwa karani wa ghala. Bosi wake alipougua akamwachia funguo kwa muda, funguo zikarudi, cheo kikabaki.

Meneja: Hii ni petroli. Petroli ikilala kwenye tangi inachacha kama uji.

Vumbi: Nimeichanganya na oili asubuhi hii hii.

Meneja: Ulitikisa kopo au ulikoroga?

Vumbi: Nilitikisa.

Meneja: Ndiyo hapo. Oili haitaki vurugu. Ukiitikisa inajitenga, inanuna pembeni.

Akauchukua msumeno, akavuta choki upya kwa sababu na yeye alikuwa anaanza, akavuta kamba. Hola. Akapumzika, akanywa kahawa, akavuta tena. Harufu ya petroli ikaanza kushindana na ya kahawa.

Vumbi: Wazee wangu, samahanini. Nadhani umekunywa petroli kupita kiasi. Choki ikivutwa kila mara, plagi inalowa. Plagi mbichi haitoi cheche.

Mzee Tairi: Unaona vijana? Wewe umeanza kukata miti lini?

Vumbi: Nisamehe, mzee.

Mzee Tairi: Mimi nimekubeba mgongoni, una kamasi mpaka kidevuni. Nipe huo msumeno.

Hapo ndipo penye kosa, na kosa lile lingeweza kufanyika kwenye benchi letu tu. Kwetu hapa mtu haendelezi jaribio la mwenzake. Anaanza la kwake, tangu mwanzo, na mwanzo wa kila mmoja ulikuwa choki. Na Vumbi, mtoto wa kichochoro, angemnyang'anyaje msumeno mtu aliyembeba mgongoni? Alisimama mikono nyuma, akitazama kifaa chake kikinyweshwa hadi koo.

Bi Buli: Vumbi, mama si anatakiwa saa nne?

Vumbi: Saa nne, dada.

Bi Buli: Na sasa tatu na nusu imeshapita. Nyie wanaume mnanisikia?

Meneja: Tunakusikia. Niongeze nusu kikombe.

Mzee Tairi alirudi benchini akishika kiuno, na nadharia mpya.

Mzee Tairi: Nimegundua. Ni kamba. Misumeno hii imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye mikono mirefu.

Meneja: Nani kakwambia?

Mzee Tairi: Kule kiwandani wanampima mtu mmoja tu. Akiwa na mkono mrefu, basi dunia nzima imekwisha.

Meneja: Ingekuwa shida ni mkono, usingekohoa kabisa. Huu unakohoa. Maana yake unasikia, ila hautaki.

Wakanigeukia, maana na mimi nilikuwa nimeshavuta mara kadhaa, na choki juu, bila kuulizwa na mtu.

Mimi: Mnavyouona, huu msumeno umezoea kuangusha miti. Leo umeletewa uliokwisha kuanguka. Umeona umedharauliwa.

Nilikuwa natania, angalau nusu. Hakuna aliyecheka. Meneja alitikisa kichwa polepole.

Meneja: Hilo lina uzito.

Mzee Tairi: Basi tuuinue mti kidogo. Uuone umesimama.

Tukaenda kweli, wanaume watatu wazima, tukaushika mti upande wa matawi tukasukuma. Haukutikisika. Tulikuwa bado tunahema pale dereva wa teksi alipochungulia kutoka ng'ambo.

Dereva: Jamani, mgonjwa hajawa tayari mpaka sasa?

Meneja: Subiri, ndugu. Tumefika mwishoni.

Dereva: Nimeitwa na abiria mwingine. Kesho basi.

Akageuza gari, akaondoka. Vumbi alilitazama mpaka lilipokata kona. Kisha akaenda kwa Meneja, aliyekuwa ameuchukua tena, akaupokea msumeno kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Vumbi: Niwieni radhi, wazee wangu. Naomba asiniguse mtu.

Akafungua plagi. Ilikuwa inachuruzika. Akaifuta kwa pindo la shati, akarudisha choki ndani, akavuta kamba mara kadhaa tundu likiwa wazi, petroli ikaruka nje kama mafua. Akafunga plagi, akabana kidude cha kuongeza mafuta hadi mwisho, akavuta. Mara ya tatu msumeno ukanguruma mpaka vikombe vikatetemeka. Tukapiga makofi.

Mzee Tairi: Nilisema hewa.

Meneja: Petroli. Umeona ilivyomwagika?

Vumbi alikuwa ameshafika kwenye mti. Alikata pale na pale, akaviringisha kipande cha katikati kando ya ukuta, njia ikawa nyeupe. Gari lingepita vizuri kabisa. Saa nne ilikuwa imetupita zamani.

Ndipo mama yake akatoka. Katika miaka yote ya benchi letu alikuwa hajawahi kufika pale. Msumeno ulipozimwa alijua kazi imekwisha, kwa hiyo alikuja mwenyewe, mkoba begani, kiganja kikipapasa ukuta, miguuni viatu vyake vizuri, ambavyo nilimpigia rangi mimi jana yake. Mguu wake ukagonga kile kipande cha mti. Akainama, akakipima kwa mkono kutoka chini hadi juu. Kilimfika chini kidogo ya goti.

Mama: Ndio huu?

Vumbi: Ndio, mama.

Mama: Unene wake ndio huu huu, au umeupunguza?

Vumbi: Ndio huu, mama.

Mama: Na gari lilikuwa limesimama wapi?

Vumbi: Hapo tu. Ng'ambo yake.

Mama akaweka mkoba sawa begani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitoa jasho.

Mama: Sasa mwanangu, mbona hukunishika mkono nikavuka?

Vumbi akaanza kupangusa unga wa mbao kwenye msumeno. Mzee Tairi akaanza kuchunguza kucha zake. Meneja, ambaye ana jibu hata kwa swali lisiloulizwa, alitazama ndani ya kikombe kilichokwisha. Mimi nikatazama vile viatu nilivyovipiga rangi.

Mama: Nyamazeni basi mmoja mmoja. Si nasikia mko wengi?

 Akasubiri jibu, kwa heshima, uso wake ameuelekeza kwenye ncha ya benchi ambayo haikuwa na mtu.