Kisu cha Kuparia Samaki

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Ushuhuda huu nimeuandika kwa siku nyingi, maana mkono wangu ni mzito na shule yangu iliishia darasa la saba. Nimemwomba mwinjilisti awasomee, kwa sababu nikisimama mbele za watu sauti hunikauka. Mimi nimekaa benchi la nyuma karibu na mlango, pale mliponizoea, peke yangu.

Wengi mnanijua kwa shati langu la mikono mirefu. Leo nawaambia sababu yake. Tangu nikiwa na miaka saba ngozi yangu hutoa magamba meupe, viwikoni, magotini, mgongoni na kichwani. Dada yangu Tekla, aliyenitangulia kwa miaka sita, alikuwa hivyo hivyo. Hatukujua ni ugonjwa gani. Wengine walisema ni mba, wengine walisema ni uchafu, na waliotuogopa walinong'ona kuwa ni ukoma. Mama yetu alikuwa akikaanga samaki na kuwauza soko la Dunda, na sisi wawili ndio tuliomparia samaki wake uani. Kwa hiyo watoto wa mtaani hawakwenda mbali kututafutia jina. Tukipita kuteka maji walituuliza, "Nyie samaki, mbona leo hamjaparwa?" Wakicheka, Tekla alicheka nao. Alilia tukifika nyumbani.

Ndugu zangu, Tekla akachumbiwa. Mchumba alikuwa seremala wa Mapinga, mtu wa kanisani, na magamba ya viwikoni aliyaona akasema yeye haoi ngozi. Lakini shangazi zake hawakuwa wamemwona. Sisi ni Wakristo, lakini ni watu wa pwani, na bibi harusi wa pwani hatoki kwao bila kusuguliwa singo. Kungwi angekuja na shangazi hao, wamvue kanga, wamsugue mwili mzima kwa liwa na karafuu. Hakuna pa kujificha.

Siku moja kabla ya singo, mama akiwa Dunda, Tekla aliniita uani. Alikuwa ameketi mkekani amenipa mgongo, na kisu cha kuparia samaki kiko pembeni yake.

"Mdogo wangu, wewe una mkono mwepesi. Nipare."

"Utaumia, dada."

"Nitaumia leo tu. Wakiuona mgongo huu nitaumia maisha yangu yote."

Nikampara. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Asubuhi ile kisu kilikuwa kimepara vibua, nami nilikipangusa tu kwa pindo la kanga. Magamba yalitoka, na chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, ikitoa damu vitone vitone. Tekla aliuma kanga yake mpaka nilipomaliza. Kisha akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, hata mama. Nikaapa.

Kesho yake wakamsugua singo juu ya ngozi ile mbichi. Walipouliza ule wekundu, alisema ni joto. Shangazi walimsifu kwa uvumilivu, maana hakutoa sauti.

Siku ya tatu homa ikampanda. Mgongo ukavimba, ukawa wa moto, ukaanza kutoa usaha. Harusi ikasimama. Watu wa nyumbani wakasema ni husuda, kwamba singo ilitiwa kitu, na yule kungwi, mama wa watu asiye na kosa, akatupiwa maneno mabaya mpaka akaacha kupita mlangoni petu. Aliletwa mganga akamfukiza Tekla siku mbili. Alipofikishwa hospitali alikuwa hatambui mtu. Muuguzi alituuliza kidonda kilianzaje. Mama alisema hajui. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika kanga ya dada, jibu liko mdomoni mwangu, na nikalimeza.

Tekla alifariki kesho yake mchana. Tulimzika na gauni lake la harusi.

Labda ningesema siku ile ya kwanza ya homa, asingefukizwa, angepelekwa mapema. Labda. Neno hilo nimelala nalo miaka minne!

Ndugu zangu, baada ya hapo nikaanza kujipara mwenyewe. Kila magamba yaliporudi nilichukua kisu kile kile, na kila nilipojipara yaliota mengine pale pale, mazito zaidi. Sikutafuta kupona. Niliona maumivu ni haki yangu. Mwaka jana, wakati wa palizi katika shamba la kijiji, mguu wangu ukavimba kuanzia muundi hadi gotini, ukawa wa moto kama mgongo wa dada. Niliufahamu ugonjwa ule. Niliuficha ndani ya suruali, na usiku sikuomba, kwa sababu nilitaka kumfuata.

Mama ndiye aliyeona ninavyochechemea. Akanivuta suruali, akatazama, akanipakia kwenye baiskeli ya jirani mpaka zahanati. Dresa wa pale, anayesafisha vidonda na kuchoma sindano, ni mzee mpole. Alichukua uzi wa pamba akanigusa nao kwenye magamba huku nimefumba macho, nikahisi kila mahali. Akasema huu si ukoma, mkoma asingehisi. Wala si uchafu, wala hauambukizi. Akasema ngozi ya namna hii ina jina, soriasis, na tukiikwangua tunafungua mlango, uchafu wa kisu unaingia hadi kwenye damu. Kisha akaniuliza, "Nani amekupara?"

Nikasema nimejipara mwenyewe. Halafu nikamgeukia mama nikasema, "Na Tekla nilimpara mimi."

Mama hakupiga kelele. Alisema, "Najua, mwanangu. Tulipotoka kuzika nilikikuta kile kisu kimegandwa na magamba. Magamba ya samaki yanang'aa. Yale hayakung'aa."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote ile. Alisema alikuwa amezika mmoja, akaogopa kwamba akinitaja mimi atazika wa pili. Kila siku alimwomba Mungu nifungue kinywa mwenyewe. Kisha akaniomba mimi msamaha, kwa kuwa tangu utotoni alitusugua kwa gae la chungu, akidhani anatusafisha. Tukalia pale mbele ya dresa, naye akaendelea kuandaa sindano.

Hapo ndipo Bwana aliponitoa! Kwa siku kumi nilichomwa penisilini, mguu ukanywea. Nikaenda kwa yule kungwi nikapiga magoti nikamwambia kweli, naye akaniinua. Lakini ngozi yangu haijapona, nisiwadanganye. Mama huilainisha kwa mafuta ya nazi, wala hatuipari tena. Na Tekla hajarudi. Kila harusi ikipita kwa ngoma mimi huingia ndani.

Ndugu zangu, ikiwa una kidonda unachokificha, au jibu ulilolimeza, usingoje miaka minne. Mungu ni wa kuaminiwa. Alinisubiri, na mama alinisubiri pamoja naye.

Mwinjilisti akimaliza kusoma, geukeni mnitazame. Leo nimevaa shati la mikono mifupi. Benchi langu lina nafasi.