Bibi Shamba Batuli na Nondo Mia Tatu

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Batuli Bwanaheri, bibi shamba wetu wa Kiwangwa, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu kazini. Alianza kwa miguu, akapewa baiskeli, akamalizia na pikipiki ambayo hakuna fundi anayethubutu kuigusa bila yeye kusimama pembeni.

Kila msimu wa mvua, asubuhi, alifungua mtego wa nondo, wale wadudu kama vipepeo warukao usiku, akahesabu, kisha akaandika idadi kwa chaki kwenye ubao wa dukani kwa Mzee Shuaibu. Nondo wakizidi, wakulima walijua viwavijeshi wako njiani. Ukimwamkia katikati ya hesabu, marahaba uliipata akimaliza.

Sasa niseme aibu yangu. Vuli ya 2019 alikwenda semina Chalinze siku tatu, akaniachia mtego. Kwa ujuaji wangu nikaning'iniza taa ya sola juu yake, nione vizuri nikifika alfajiri. Siku ya tatu nikaandika ubaoni: 312. Lo! Kijiji kizima kikataka dawa ipulizwe. Mzee Shuaibu, mwenye ekari nne za mahindi machanga, aliapa kwamba yakiliwa atawahamishia wajukuu wake wote kwa Bi. Batuli, wakale huko.

Bi. Batuli aliporudi aliwamwaga nondo wangu kwenye ungo, akawachambua kama mchele. Wa viwavijeshi walikuwa tisa tu. Waliobaki walifuata taa. Dawa akaikataa katakata. Akaeleza kwamba wale wakubwa ndio wanaobeba chavua ya mipapai yetu, wengine ni riziki ya popo, na viwavi wachache watakaotokea ndege watawamaliza. Angekosea, mahindi yangekwisha na jina lake pia. Jamani, niliogopa! Yeye akanywa chai.

Wiki mbili baadaye korongo walijaa majanini na mahindi yalikuwa yamestawi. Msimu ulipofika, wajukuu wa Mzee Shuaibu kweli walihamia kwa Bi. Batuli kwa siku moja, kila mmoja na mahindi ya kuchoma mkononi.

Ubaoni alifuta 312, akaandika 9. Taa ilikuwa ya nani, hakumwambia mtu hata siku moja. Leo nasema mwenyewe.

Ahsante sana, mama. Mola akupe afya, na mipapai yako izae mpaka uchoke kugawa. Vuli ijayo mtego nitaufungua mimi, na taa itabaki nyumbani.