Bertrand Kabwe na Milango Kumi na Sita ya Maji

Twelve thousand rand haikuwa pesa ya jeneza, nimesema hivyo juzi sebuleni pale Point mbele ya kamati ya matanga, nimesema tena jana baada ya maombi, na ninasema leo hapa makaburini, kwa sababu mzee wetu Bizimana, mweka hazina wa kikundi, aliitoa pesa hiyo kwenye sanduku la safari ya mashua bila kuuliza mtu, akaipeleka kwa watu wa majeneza ili yaya wangu, kaka yangu mkubwa, alale kwenye mbao za kung'aa na vishikio vya rangi ya dhahabu, mjane akakataa, watu wa majeneza wakairudisha yote mkononi mwa mzee, na mpaka saa hii iko ndani ya koti lake. Anasema sasa itanunua nyama na kulipa basi, maana nahodha amekufa na safari imekufa naye. Safari haijafa. Mimi ni Pascal, mdogo wa marehemu, familia imenipa karatasi hii niisome, nitaisoma kwa mpangilio wake, kisha tutarudi kwenye koti.

Marehemu Bertrand Kabwe alizaliwa tarehe 19 Februari 1961 huko Kalemie, ambayo wakati ule iliitwa Albertville, kwenye ziwa Tanganyika, akiwa mtoto wa tatu wa baba yetu Étienne Kabwe, mfanyakazi wa bandari, na mama yetu Marcelline, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Alisoma shule ya msingi hapo Kalemie kuanzia 1967 hadi 1973, akaendelea na ufundi wa mashine, akapata diploma mwaka 1980, na mwaka huohuo akaajiriwa katika karakana ya mashua bandarini, ambako alijulikana kama mtu anayesikiliza injini kwanza kabla ya kushika bisibisi.

Mwezi wa Oktoba 1984 kampuni yake ilimtuma Ufaransa kwa staji, yaani mafunzo ya kazini, ya miezi sita, staji ikaisha, pesa ya kumrudisha haikuja, barua zake hazikujibiwa, basi yaya hakukaa kulia, alipanda basi akaenda kutafuta mahali penye injini na maji, akafika kwenye bwawa la Baye, katikati ya Mfereji wa Nivernais, na patron mmoja pale, mwenye mashua za kukodisha, akamchukua kwa majira ya watalii, kuanzia Mei 1985, akakaa majira manne. Nchi hiyo ni ya mashamba, ina ng'ombe weupe na vijiji vidogo, na watu wanaokuja huko, kama yeye mwenyewe alivyotueleza mara nyingi tukamcheka, wanalipa pesa nzuri ili waende polepole, wanakodi mashua yenye vitanda na jiko, wanashuka na baiskeli kwenye njia ya pembeni ambako zamani farasi walivuta mashua kwa kamba, wengine wanapanda majabali ya Saussois, wengine wanapiga kasia bwawani, na jioni wanakwenda kwa mkulima kununua jibini na kuuliza habari za mvua.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza injini na kuwafundisha wageni kupita ekluzi, na kwa wale wasioijua, ekluzi ni chumba cha mawe ndani ya mfereji, chenye mlango mbele na mlango nyuma, mashua inaingia, inafungiwa humo, maji yanaongezwa au yanapunguzwa mpaka yawe sawa na ya upande wa pili, ndipo mlango unafunguka, na kabla ya hapo hata wanaume kumi hawaufungui. Kule Sardy ziko ekluzi kumi na sita zinazofuatana kama ngazi, yeye aliziita milango kumi na sita ya maji, na yaya alizipita zote na wageni wake, akitangulia kwa baiskeli kusaidia kwenye milango.

Alirudi Kalemie Desemba 1988, na tarehe 5 Agosti 1989 alifunga ndoa na shemeji yetu Agathe, na siku hiyo, mbele ya wazazi wa pande zote mbili, alimwahidi kwamba atampitisha katika ile milango kumi na sita. Wajomba wa bibi harusi walitaka ng'ombe mmoja zaidi badala ya ahadi hiyo, wakapewa ng'ombe, lakini ahadi ilibaki. Mungu aliwabariki kwa watoto watatu, Annick aliyezaliwa 1991, Glody 1995, na Grâce aliyezaliwa hapa Durban 2003.

Agosti 1998 vita viliwatoa nyumbani, wakatembea mpaka Moba, kisha Pweto, wakavuka Zambia, na mizigo kichwani, na wengi wenu mnaijua njia hiyo kuliko ninavyoweza kuisoma. Walifika Durban tarehe 14 Machi 2001, marehemu akalinda magari ufukweni miaka miwili, kisha akapata kazi katika karakana ya injini za mashua kule Jacobs, ambako alifanya kazi mpaka alipostaafu 2021, bila kumdanganya mteja hata mmoja kuhusu spea.

Mwaka 2016 alianzisha kikundi cha Tembea Bila Mzigo, sheria yake ikiwa moja, mtu asibebe kitu zaidi ya maji ya kunywa, kwa sababu, alisema, sisi tumetembea sana lakini hatujawahi kutembea. Kila Jumapili baada ya ibada walikutana Blue Lagoon, pale mto Umgeni unapoingia baharini, wakatembea, wakatazama ndege, wakapiga kasia kwenye kayaki za kuazima, wamevaa majaketi ya kuelea ya rangi ya chungwa. Hapo habari zikaenea mjini kwamba Bertrand amefungua kanisa na anabatiza. Kanisa letu likatuma mashemasi wawili kwenda kushuhudia, na mmoja wao, wapendwa, alikuwa mzee Bizimana, ambaye alifika na viatu vya ibada, akauliza kwa sauti nabii yuko wapi, akaambiwa nabii amekwenda kununua mikate, akangoja, akapewa mkate, akapewa jaketi, na tangu siku hiyo hakukosa Jumapili hata moja.

Ni kikundi hicho kilichoamua kwenda kwenye mfereji, watu wanane, wenye pasipoti mkononi, tiketi kila mtu kwa mfuko wake na mashua kwa sanduku la wote. Mazoezi ya kutupa kamba yalifanyika uani kwetu Point, kwenye nguzo ya geti, mpaka dereva mmoja wa teksi akasimama akauliza, eish baba, ng'ombe wenu amekimbilia wapi, na yaya akamjibu kwa utulivu kwamba wanafunga mashua, dereva akatazama kulia na kushoto, akaondoka.

Ugonjwa wa ini ulimshika Novemba 2024, alitibiwa hospitali mara tatu, na alipoona hatapona hakufuta safari, alimwita shemeji Agathe kitandani, akampa mfuniko wa sufuria aushike kama usukani, akamfundisha kila asubuhi, na shemeji akigeuza haraka mno, yaya alimwambia, mama Annick, umegonga ng'ombe wa watu, rudi nyuma. Aliaga dunia Jumanne tarehe 13 Mei 2025, nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, akiwa na miaka sitini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Point waliopika na kulala chini pamoja nasi, mafundi wenzake wa Jacobs waliofunga karakana leo ili waje, na akina mama wa soko la Warwick walioleta maharagwe na mchele bila kuombwa, hivyo chakula kiko cha kutosha, na basi limelipwa na watoto.

Mashua imepangwa kwa tarehe 6 Septemba, pesa iliyobaki inatakiwa kabla ya Jumatatu, ikikosekana, mashua wanapewa watu wengine. Juzi mzee aliniuliza, Pascal, wewe hata kuogelea hujui, utaongoza nini huko, na ni kweli, sijui. Mimi siongozi. Ataongoza shemeji Agathe, mimi nitashika kamba ya mbele, na kamba ya nyuma ni yako wewe, mzee, yaya alikuandika mwenyewe, alisema hakuna anayeifunga vizuri kama Bizimana.

Yaya, umetua mzigo wako, sisi tunaendelea na njia, kaa salama.

Mzee Bizimana, twelve thousand rand, sasa, mkononi mwa shemeji.