Majirani wa Bondeni

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha Fundi Viatu, pale uchochoro wa mashine ya kusaga unapotokea barabarani. Kila asubuhi Mama Birika huteremsha jiko lake la mkaa na kahawa chungu, na kabla moto haujakolea wenye benchi wameshafika: Redio, dalali wa nyumba ambaye hajawahi kuzimika, na Breki, dereva mstaafu wa malori, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuwakatisha wenzake maneno. Fundi hukaa kwenye kigoda chake, kiatu mapajani, akisikiliza zaidi kuliko kusema. Asubuhi hiyo alitamani wasije kabisa, maana alijua watamjadili nani.

— Kaacha kazi! alisema Redio, hata makalio hayajagusa ubao. Mdogo wake Fundi, Profesa mzima, kaacha kazi chuoni. Nani anaacha kazi ile?

— Hajaacha, kaachishwa, Breki akamkatiza. Alisema kwenye redio, ile ya kweli, si wewe, kwamba wakubwa ndio wanaogawa silaha vijijini. Ukisema hivyo unategemea nini?

— Wewe hujui kitu. Yule ni jasusi.

— Jasusi!

— Sasa niambie. Mtu anaingia msituni, anakaa na waasi, anakunywa nao chai, anawauliza mna bunduki ngapi, halafu anatoka hana hata mchubuko. Wewe ukienda utarudi?

— Mimi naenda kufanya nini?

— Basi!

Breki akapuliza kahawa yake, akafikiri, akaja na kubwa zaidi.

— Jasusi ni kitu kidogo. Huyu mtu anajua waasi wanavyoandikisha vijana, wanavyogawana vyeo, wanavyolisha jeshi bila mshahara. Huyo si msomi bwana, huyo ni kamanda aliyevaa miwani. Kaacha kazi ili arudi kwa watu wake.

— Kamanda anayeogopa mbwa wa jirani, Mama Birika alisema, na wote wakacheka isipokuwa Fundi.

Fundi alivuta uzi, akaukata kwa meno. Kamanda wao alikuwa hatua chache nyuma yake, kwenye chumba cha uani, amelala kifudifudi na viatu miguuni. Tangu alipokuja na begi moja wiki iliyopita alikuwa anakula kidogo na kujibu kidogo. Fundi alikuwa amemlea tangu mama yao alipofariki. Alikijua kila kimya chake, ila hiki kilikuwa kigeni.

Wangeuliza, angewaambia. Angewaambia jinsi mdogo wake, akiwa bado kijana, alivyokwenda Bondeni na mkoba na kinasa sauti, kutafuta kwa nini watu wa juu na watu wa chini, makabila mawili ya bonde moja, waliochinjana enzi za babu zao, sasa wanauziana mbuzi na kuozana mabinti. Mjane mmoja wa watu wa chini alimpa chumba, akamwita mwanangu, akamtibu homa. Jirani yake, mtu wa juu, alimtembeza nyumba kwa nyumba. Humo ndimo kilimotoka kitabu, na kwenye kitabu ikatoka kazi, na ndege, na mialiko. Baadaye Profesa alizunguka kwenye vita vya watu wengine, akakaa na makamanda waliomweleza mauaji huku wakimega mkate. Alirudi kila mara amekonda. Lakini akiulizwa kama kuna tumaini, alikuwa na jibu: nendeni Bondeni mkaone. Kwenye jalada la kitabu kile mjane na jirani yake wamesimama kisimani, wanacheka.

Mwezi uliopita Bonde liliungua.

— Na huko Bondeni, Redio alikuwa anasema, watu wa juu ndio walioanza. Hilo halina ubishi.

Breki aliweka kikombe chini.

— Nani kakwambia?

— Kila mtu anajua.

— Kila mtu nani? Ndugu zako?

— Ndugu zangu wamekufa kule, Breki.

— Na wangu wamekufa! Unadhani nyie peke yenu ndio mna makaburi?

— Nyie? Leo mimi ni nyie?

Hakuna aliyecheka. Wawili hao walikuwa wamekaa ubao mmoja tangu watoto wao walipokuwa wanatambaa, na Fundi alikuwa hajawahi kusikia neno lile likitamkwa hivyo. Mama Birika alishika birika bila kumimina.

Mlango wa uani ukalia. Profesa alitoka, shati limekunjamana, ndevu zimeota ovyo. Akaketi ukingoni mwa benchi. Breki akamwamkia kwa aibu. Redio hakuweza kujizuia.

— Profesa, wewe ndiye mwenye elimu ya mambo haya. Tuamulie. Nani alianza?

Profesa alipokea kikombe kwa mikono miwili.

— Nilimpigia simu, alisema taratibu. Yule jirani wa kwenye kitabu. Nilidhani naye ameuawa. Akapokea. Akanisalimia vizuri, akauliza watoto hawajambo. Nikamuuliza, mama yuko wapi? Akasema, "Profesa, tulimtoa." Nikamuuliza, mlimtoa wapi? Akasema, "Yule hakuwa mtu wetu." Basi. Akanitakia siku njema.

— Mungu wangu, Mama Birika alinong'ona.

— Walichota maji kisima kimoja, Profesa akasema. Mkewe alijifungua mikononi mwa yule mama. Nilikuwepo.

— Hakuna anayekulaumu wewe, mdogo wangu, Fundi alimwambia.

— Najua, kaka. Afadhali wangenilaumu. Wasomi wenzangu wameniita kwenye mkutano nikaeleze kilichotokea. Wamenilipia mpaka hoteli. Nitasimama pale niseme nini?

Lori lilipita likawafunika vumbi, na lilipotulia mwanamke kijana alikuwa amesimama mbele yao, mtoto mgongoni, kanga ya mabegani imeungua pembeni. Aliwasalimia kwa lafudhi iliyomfanya Profesa ainue kichwa.

— Unatoka Bondeni, alisema.

— Ndiyo, baba. Nimeelekezwa kwa dalali.

Redio alifufuka.

— Ndiye mimi! Kipo chumba, nyuma tu ya mashine. Kina dirisha, paa halivuji, maji yako uani. Mwenye nyumba mpole, atakungoja mpaka upate kibarua.

Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, akimtikisa mtoto polepole.

— Ahsante, baba. Na majirani wakoje?

Redio alifungua kinywa. Akamtazama Breki. Breki alikuwa anatazama mashapo ya kahawa. Kisha wote, hata Mama Birika, wakamgeukia Profesa, na Fundi akamwona mdogo wake akiinamisha uso kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Mwanamke alidhani hawakumwelewa.

— Nauliza majirani, akarudia, sasa kwa sauti ya wazi zaidi. Ni watu wa namna gani?

Breki alijisogeza, na Redio naye akajisogeza, kila mmoja upande wake, na katikati ya ubao pakabaki nafasi ya mtu kukaa. Mwanamke hakukaa. Alisimama, akisubiri aambiwe.